NCLEX-RN: Usome Mtihani Kabla ya Kusoma Vitabu

Muuguzi anayeanza kujiandaa na NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani na Kanada, mara nyingi hufungua kitabu kinene cha magonjwa ya watu wazima na kuanza sura ya kwanza. Wiki ya sita amefika kwenye figo, amechoka, na hajajibu hata maswali 200. Kisha anashangaa: figo anaijua vizuri, lakini maswali ya figo anayakosa.

Mtihani huu hauulizi figo. Unakupa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, potasiamu imefika 6.4, na kwenye chati ameandikiwa lisinopril, furosemide, amlodipine na spironolactone. Swali: dawa zipi utazizuia na kuzungumza na daktari kwanza? Anayejua figo peke yake atasita. Anayejua kwamba lisinopril na spironolactone zote mbili hupandisha potasiamu, na kwamba potasiamu ya 6.4 inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi moyo usimame, ameshajibu. Ndiyo maana naanza na mtihani wenyewe, vitabu baadaye.

Kompyuta inavyokupima

Tangu 1994 NCLEX hufanywa kwa kompyuta, na watu wawili walioketi jirani hawapati maswali yaleyale. Kila ukijibu, kompyuta inakadiria upya uwezo wako, halafu inakutafutia swali ambalo kwa makadirio yake unaweza kulipata au kulikosa, nusu kwa nusu. Ukilipata, linalofuata linapanda ugumu. Ukilikosa, linashuka. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyezoea kupata 80 kwa 100 darasani anahisi anakosa nusu ya kila kitu, anatoka akiamini ameanguka, na kumbe amefaulu. Hisia ya kuzidiwa haikuambii chochote. Ni jinsi mtihani ulivyotengenezwa.

Maswali ni kati ya 85 na 150. Kati yake 15 hayahesabiwi, yanajaribiwa kwa matumizi ya baadaye, na hakuna namna ya kuyatambua. Kwa hiyo ukikutana na swali la ajabu kabisa, jibu kwa utulivu, songa mbele. Muda wote ni saa 5, na mapumziko yamo humo humo: dakika unazotumia chooni zinakatwa kwenye saa zako.

Mtihani husimama kwa njia tatu. Ya kwanza, kompyuta imekuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango cha kufaulu, au chini yake. Ya pili, umefika swali la 150 bila uhakika huo kupatikana. Hapo huangaliwa makadirio ya mwisho tu, yako juu ya kiwango au la. Ya tatu, muda umekwisha. Ukiwa hujafikisha maswali 85, umeanguka. Ukiwa umeyafikisha, makadirio yako ya mwisho ndiyo yanayoamua.

Mambo mawili yanatoka hapo. Kusimama kwenye swali la 85 si dalili ya kufaulu wala ya kuanguka. Ni kompyuta imeridhika tu. Na ukishafikisha maswali 85, kukimbia mwishoni kwa kubahatisha ni hatari kuliko kuishiwa muda, kwa sababu ukikosa mfululizo maswali ambayo ungeyaweza, makadirio yanashuka swali kwa swali. Gawa dakika 300 kwa maswali 150, unapata dakika 2 kila moja. Maswali mafupi yamalize ndani ya dakika moja na kitu, ili yale yenye chati ndefu yapate nafasi yake. Huwezi kurudi nyuma kubadilisha jibu, kwa hiyo usibebe swali la 31 hadi la 40. Limekwisha.

Alama zinavyohesabiwa, na kwa nini usichague kila kitu

Tarehe 1 Aprili 2023 mtihani ulibadilishwa. Zamani swali la kuchagua majibu yote yanayofaa lilikuwa yote au sifuri: ukikosea moja, umepoteza lote. Sasa kuna alama za sehemu, lakini zina masharti ambayo wengi hawayasomi.

Swali likikuambia uchague yote yanayofaa, bila kutaja idadi, kila jibu sahihi linakupa alama 1 na kila jibu lisilo sahihi linakukata 1. Huwezi kushuka chini ya sifuri. Tuseme yapo majibu 6 na sahihi ni 4. Ukichagua manne sahihi na moja lisilo sahihi, unabaki na 3. Ukichagua yote sita kwa tamaa, unapata 4 kutoa 2, yaani 2. Ukichagua matatu tu unayoyajua kwa hakika, unapata 3. Kwa hiyo jibu unaloliamini zaidi ya nusu, lichague. Lile unalolitilia shaka zaidi kuliko unavyoliamini, liache. Pima kila jibu peke yake kama swali la ndiyo au hapana. Usihesabu umeshachagua mangapi, maana sahihi linaweza kuwa moja tu au yote.

Swali likitaja idadi, mfano "chagua matatu", hakuna kukatwa. Hapo jaza yote matatu hata kama la tatu ni la kukisia. Hali ni hiyo pia kwenye menyu za kushuka na kwenye majedwali ambayo kila mstari unataka jibu moja: kukosa hakukati, kuacha wazi hakusaidii. Lakini jedwali linaloruhusu majibu kadhaa kwenye mstari mmoja, na maswali ya kupaka rangi maneno kwenye maelezo ya mgonjwa, yanakata. Usipake rangi aya nzima.

Yapo pia maswali ya sababu na matokeo: "Mgonjwa yuko hatarini kupata hiki kwa sababu ya kile." Alama inapatikana sehemu zote mbili zikiwa sahihi pamoja. Anza na ushahidi ulio kwenye chati, kisha utafute hatari inayoendana nao. Wengi huanza na ugonjwa waliouota, halafu wanalazimisha ushahidi uufuate.

Kesi: maswali sita, mgonjwa mmoja

Hata mtihani mfupi kuliko yote utakuwa na kesi tatu zinazohesabiwa, kila moja maswali 6. Upande mmoja wa skrini kuna chati yenye vichupo: maelezo ya muuguzi, historia, vipimo vya mwili, maabara, maagizo ya daktari. Upande wa pili kuna swali. Kesi ikiendelea, chati inaongezwa. Saa 4 asubuhi mgonjwa alikuwa hivi, saa 6 mchana yuko vile.

Maswali hayo sita yanafuata hatua sita, na ukizijua unajua kila swali linataka nini: tambua dalili zenye maana, ziunganishe, amua tatizo lipi ni kubwa, panga la kufanya, fanya, halafu pima kama imesaidia. Kosa la kawaida ni kujibu hatua ambayo haijaulizwa. Swali la kwanza linataka dalili zinazohitaji kufuatiliwa. Mtu anaanza kufikiria dawa. Swali la sita linauliza dalili ipi inaonyesha mgonjwa amepata nafuu. Mtu anachagua dalili nzuri ambayo mgonjwa alikuwa nayo tangu mwanzo. Kitu ambacho hakikuwa kibaya hakiwezi kuonyesha nafuu.

Kila chati inapoongezwa, linganisha na ile ya kwanza kabla hujasoma swali. Mkojo umetoka mililita 45 kwa saa ukafika 20. Mapigo ya moyo yametoka 88 yakafika 118. Presha imetoka 124/78 ikafika 102/64. Ukiziangalia moja moja zinaweza zisikutishe. Kwa pamoja, mgonjwa aliyetoka upasuaji huenda anavuja damu. Kesi zinajengwa hivyo: hatari iko kwenye mwelekeo kuliko kwenye namba moja.

Nje ya kesi kuna maswali yanayosimama peke yake, hasa lile lenye umbo la tai ya kipepeo: katikati unaweka hali ya mgonjwa, kushoto hatua mbili, kulia vitu viwili vya kufuatilia. Lijibu kuanzia katikati. Ukikosea katikati, pembeni zote zitayumba.

Maneno yanayogeuza swali

Mtihani uko kwa Kiingereza (Kanada upo pia kwa Kifaransa), na maneno machache yana nguvu kuliko ugonjwa wenyewe. Swali likisema "further teaching", linatafuta kauli yenye kosa, ile inayoonyesha mgonjwa hajaelewa. Hapa ndipo watu wanaojua jibu hulikosa: wanasoma kauli nne, wanaona moja sahihi kabisa, wanaibonyeza kwa furaha. Likisema "first", majibu yote manne yanaweza kuwa mambo ambayo ungeyafanya kweli. Linataka la kwanza. Likisema "expected", linatafuta dalili ya kawaida ya ugonjwa huo, isiyomtia muuguzi wasiwasi. Soma mstari wa mwisho wa swali kabla ya maelezo, halafu useme kichwani kwa Kiswahili kinachotakiwa: "natafuta kosa", "natafuta la kwanza". Ni sekunde tano, na zinaokoa maswali mengi.

Nani aonwe kwanza

Wote wanakariri njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Kisha wanaona neno "pumu" mahali fulani na kulikimbilia. Kanuni hiyo haifanyi kazi bila maswali mengine mawili: hali hii ni mpya au ya siku nyingi? Na kwa ugonjwa huu, inatarajiwa au haitarajiwi?

Chukua wagonjwa wanne. Mmoja ana ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, oksijeni ya damu asilimia 90. Wa pili ametolewa tezi ya thairoidi saa 8 zilizopita na anasema midomo na vidole vinamfanya ganzi. Wa tatu amefungwa plasta ngumu mguuni, maumivu 7 kwa 10, dawa alipewa dakika 20 zilizopita. Wa nne ana nimonia na joto la 38.6.

Wengi huenda kwa wa kwanza kwa sababu ya mapafu. Lakini kwa mgonjwa wa aina hiyo, 90 ni hali yake ya kawaida. Lengo lake kwa kawaida ni 88 hadi 92. Nimonia yenye homa inatarajiwa. Wa tatu ni kishawishi kizuri, maana maumivu yasiyopungua kwa dawa ndani ya plasta yanaweza kuwa shinikizo linalokata damu ya misuli, lakini dakika 20 ni mapema kusema dawa imeshindwa, na hatujaambiwa kwamba vidole vimepoa au havihisi. Jibu ni wa pili. Tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu ziko nyuma ya thairoidi na huumizwa au hutolewa pamoja nayo kwa bahati mbaya. Kalsiamu ikishuka, ganzi ya midomo hutangulia, kisha misuli hukaza, na koo linaweza kujifunga. Tatizo la hewa lilikuwa limejificha kwenye midomo.

Upande wa "chunguza kwanza au tenda kwanza" uko hivi: kama swali tayari limekupa uchunguzi wa kutosha kuonyesha hatari, tenda. Kama limekupa lalamiko tu, chunguza. Mgonjwa anayeongezewa damu akianza kutetemeka na kuumwa mgongo, huhitaji kupima kitu kwanza. Simamisha damu, halafu uache njia ya mshipa wazi kwa chumvi ya kawaida kupitia mrija mpya, kisha daktari. Wanaojibu "punguza kasi ya damu" wanampa sumu ileile polepole.

Kugawa kazi

Hapa wauguzi waliosomea nje ya Marekani huteleza sana, kwa kuwa ngazi za kazi hazifanani na zao. Kuna RN, muuguzi aliyesajiliwa, kuna LPN, muuguzi mwenye leseni ya ngazi ya chini yake, na kuna msaidizi asiye na leseni. Uchunguzi wa kwanza wa mgonjwa, mafundisho ya mara ya kwanza, kupima kama mpango umefanya kazi, na kila mgonjwa ambaye hali yake inayumba: hayo ni ya RN, hayagawiwi. LPN anapewa mgonjwa ambaye hali imetulia na matokeo yake yanatabirika. Anaweza kutoa dawa za kumeza, kubadilisha bandeji ya kidonda, kurudia mafundisho yaliyokwishatolewa. Msaidizi anaosha, anageuza, anapima kiasi cha mkojo, anapima presha na joto la mgonjwa aliyetulia, anamtembeza. Anaweza kulisha, ila si yule anayepaliwa kwa sababu ya kiharusi.

Mtego uko kwenye kazi inayoonekana nyepesi. Kupima presha ni kazi ya msaidizi, sivyo? Siyo kwenye dakika 15 za kwanza za kuongezewa damu. Hapo RN hukaa na mgonjwa.

Kwa mpango wa mtihani ulioanza Aprili 2023, usimamizi wa huduma peke yake ulikuwa asilimia 15 hadi 21 ya maswali, kundi kubwa kuliko yote, likifuatwa na dawa na tiba za mshipa, asilimia 13 hadi 19. Mpango huu hupitiwa kila baada ya miaka 3, kwa hiyo pakua ule unaotumika mwaka wako kutoka NCSBN, wenye mtihani. Ni bure. Asiyefanya mazoezi ya kugawa kazi kwa sababu "si mambo ya hospitali kwetu" ameacha alama za kundi kubwa kuliko yote.

Dawa: jina kwanza

Mtihani hutumia majina ya dawa yenyewe (generic), siyo ya kibiashara, na kwa namna ya Marekani. Parasetamoli itaandikwa acetaminophen. Salbutamoli ni albuterol. Adrenalini ni epinephrine. Pethidini ni meperidine. Glibenklamidi ni glyburide. Muuguzi ambaye ametoa dawa hizi maelfu ya mara anaweza kukosa swali rahisi kwa sababu ya jina tu, na hilo ni kosa la kuudhi kuliko yote.

Baada ya majina, soma kwa makundi na miisho: -pril, -sartan, -olol, -statin. Kwa kila kundi shika mambo manne, usizidishe: inafanya nini, unapima nini kabla ya kuitoa, dalili gani inakufanya uizuie, na kiuasumu chake kama kipo. Mfano wa digoxin: unasikiliza mapigo ya moyo kifuani dakika nzima, chini ya 60 kwa mtu mzima unaizuia, kiwango chake kwenye damu ni 0.5 hadi 2 nanogramu kwa mililita; kichefuchefu na kuona rangi ya njano ni dalili za sumu; na potasiamu ikishuka sumu huja haraka zaidi, ndiyo maana digoxin pamoja na furosemide ni jozi inayopendwa na watunzi. Magnesium sulfate kwa mama mjamzito: goti lisiporuka kwa kinyundo, pumzi zikiwa chini ya 12, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, zima dripu, na kiuasumu ni calcium gluconate. Kiuasumu cha heparin ni protamine, cha warfarin ni vitamini K, cha opioid ni naloxone, cha acetaminophen ni acetylcysteine. Potasiamu haisukumwi kwa sindano kwenye mshipa. Kamwe. Jibu lenye maneno hayo liondoe bila kusoma mbele.

Namba za maabara nazo zina kipimo kingine. Sukari mara nyingi huandikwa kwa miligramu kwa desilita. Ukizoea milimoli, zidisha kwa 18, kwa hiyo 3.9 yako ni 70 yao. Kalsiamu ya kawaida ni kama 9 hadi 10.5 na kreatinini kama 0.6 hadi 1.2. Potasiamu 3.5 hadi 5 na sodiamu 135 hadi 145 hazibadiliki. Kwenye kesi mara nyingi utaona kiwango cha kawaida pembeni ya jibu la maabara, lakini usiutegemee msaada huo kwenye maswali mengine.

Hesabu

Ni chache na kikokotoo kiko kwenye skrini, lakini hakuna alama ya nusu. Shida kubwa ni ratili. Gawa kwa 2.2 upate kilo kabla ya chochote.

Mgonjwa ana ratili 154. Ameandikiwa heparin uniti 18 kwa kilo kwa saa. Mfuko una uniti 25,000 ndani ya mililita 500. Ratili 154 gawa kwa 2.2 ni kilo 70. Mara 18 ni uniti 1,260 kwa saa. Mfuko una uniti 50 kila mililita, kwa hiyo 1,260 gawa kwa 50 ni mililita 25.2 kwa saa. Aliyesahau kugeuza ratili anapata 55.4, zaidi ya mara mbili, na mgonjwa anavuja damu. Matone: mililita 1,000 kwa saa 8, mrija wa matone 15 kwa mililita, ni 15,000 gawa kwa dakika 480, yaani 31.25, tone haligawanyiki, andika 31. Kadirisha namba mwishoni tu, siyo katikati ya hesabu, na fuata maelekezo ya swali kuhusu desimali. Usiandike kipimo kwenye kisanduku, kinataka namba.

Maambukizi, kwa ufupi

Hewa: kifua kikuu, surua, tetekuwanga. Barakoa ya N95, chumba chenye shinikizo hasi. Matone: mafua makali, kifaduro, matumbwitumbwi, homa ya uti wa mgongo ya meningokoka. Mguso: MRSA, bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi, na bakteria wa kuhara aitwaye C. difficile, ambaye kwake unanawa kwa sabuni na maji kwa sababu kipukusi cha kilevi hakiui vijimbegu vyake. Kuvaa ni gauni, barakoa, miwani, glavu. Kuvua ni glavu, miwani, gauni, barakoa. Maswali haya ni ya bure kwa aliyekariri.

Ratiba na daftari la makosa

Kwa anayefanya kazi, wiki 8 hadi 10 zinatosha kama kila siku ana maswali 50 hadi 75. Yagawe mafungu mawili. Kuyajibu ni saa moja na nusu hivi. Kusoma maelezo ya kila jibu, hata la yale uliyopata, ni saa mbili na zaidi. Anayejibu 200 kwa siku bila kusoma maelezo anajifunza kubonyeza. Wiki mbili za mwanzo unaweza kuchagua mada moja moja. Baada ya hapo changanya, kwa sababu mtihani hautakutangazia kwamba sasa ni zamu ya moyo.

Daftari la makosa liwe na sababu, siyo mada tu. Nimeona zinatosha nne: sikujua, nilijua ila nilisoma swali vibaya, nilijua ila nilipanga vipaumbele vibaya, nilikuwa na jibu sahihi nikalibadilisha. Baada ya maswali 300 hesabu. Kama makosa mengi ni ya kutojua, rudi kitabuni, mada hizo tu. Kama mengi ni ya kusoma vibaya, kitabu hakitakusaidia hata ukikimaliza mara tatu. Punguza kasi na usome mstari wa mwisho kwanza. Hapa ndipo muda wa watu wengi unapotea: dawa sahihi kwa ugonjwa mwingine.

Angalau mara mbili kaa saa 5 kamili, maswali 150, bila simu. Mwili nao una sehemu yake: kuna anayejibu vizuri hadi swali la 90 na baada ya hapo anabahatisha. Na asilimia za programu moja usizilinganishe na za nyingine, ugumu haufanani.

Makaratasi na siku yenyewe

Unaomba leseni kwa bodi ya uuguzi ya jimbo, unajisajili Pearson VUE, kampuni inayoendesha vituo vya mtihani, kwa dola 200, bodi inakukubali, kisha unatumiwa kwa barua pepe idhini ya kufanya mtihani yenye tarehe ya mwanzo na mwisho. Haiongezwi. Ikipita, unajisajili na kulipa upya, kwa hiyo chagua siku mapema kabla nafasi za kituo hazijajaa. Kwa vituo vya kimataifa kuna nyongeza ya dola 150 na kodi, na kitambulisho kinachokubalika ni pasipoti peke yake. Jina kwenye usajili lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la ndoa upande mmoja na la baba upande mwingine limewarudisha watu mlangoni, na ada haikurudi.

Fika nusu saa kabla. Watapiga picha, watachukua saini, watasoma mishipa ya kiganja. Simu, saa na karatasi hubaki nje. Unapewa kibao cha kufutika. Mapumziko ya hiari hutolewa baada ya saa 2 na tena baada ya saa 3 na nusu. Chukua la kwanza hata kama hujisikii kuchoka, dakika tano, maji, urudi.

Majibu rasmi hutoka kwa bodi, na yanaweza kuchukua hadi wiki 6. Katika majimbo yanayoshiriki unaweza kulipia matokeo ya haraka, yasiyo rasmi, baada ya siku 2 za kazi. Ile mbinu ya kujaribu kujisajili tena ili uone kama mfumo utakukatalia, usiitegemee. Imeshawadanganya watu pande zote mbili.

Ukianguka, utapewa ripoti inayoonyesha kila eneo: juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Sera ya NCSBN inataka ungoje siku 45, na mwisho ni mara 8 kwa mwaka, ingawa bodi nyingine ni kali zaidi. Anza na maeneo ya "karibu", kabla ya yale ya "chini". Yanahitaji kusukumwa kidogo tu, na maswali kumi ya kugawa kazi kila asubuhi kwa siku hizo 45 ni maswali 450.